Pakiti ya pikipiki 72V: kutoka NMC kwenda LFP isiyo na kobalti, seli 23 au 24?

waya_mwekundu
Wakuu, pakiti iliyopo ni NMC 622 (lithiamu yenye nikeli, manganizi na kobalti kwa uwiano wa 6:2:2), 20S (seli 20 kwa mfuatano), 40Ah. Chaja ni ya 84V, kontrola inakata kwenye 60V. Seli zimechoka, na tangu Congo isimamishe kuuza kobalti nje Februari 2025 nataka niachane nayo kabisa. LFP (lithiamu ya chuma na fosfeti) zitakubali chaja na kontrola hiyohiyo? Ziwe ngapi?

fundi_seli
Mkuu, weka 23. LFP inajaa kwa 3.65V, mara 23 unapata 83.95V, chaja yako inaenea. Upande wa chini, 60V ni kama 2.6V kwa kila seli, juu kidogo ya kikomo cha 2.5V. Ukiweka 24, chaja hiyo itaishia 3.5V kwa seli. Betri itakaribia kujaa, ila BMS (saketi inayolinda seli na kusawazisha volti zake) iliyopangwa kusawazisha kuanzia hapo haitapata nafasi, na seli zitazidi kupishana.

BMS ya zamani usiirudishe hata kwa majaribio. Ya NMC inasubiri seli ivuke 4.2V ndipo ikate, na kwa LFP hapo umeshaiharibu. Chukua inayokuruhusu kupanga idadi ya seli: juu 3.65V, chini 2.5V.

Kusawazisha mara ya kwanza: chaji kwa mfuatano kupitia BMS mpaka seli moja igonge 3.65V. Kisha fungua, unganisha zote sambamba, seti pawasaplai 3.65V kabla hujagusisha waya, uache mpaka ampea zikaribie sifuri. Usianze moja kwa moja na sambamba: seli 23 ni 920Ah, zikiwa nusu pawasaplai ya 10A itakula siku mbili.

kathodi_safi
Naongeza la pikipiki. Ganda la seli za aluminiamu huwa lina volti, na mtikisiko unakwangua ile plastiki ya bluu inayolifunika. Weka kadi ya epoksi kati ya kila seli. Vipande vya kuunganishia viwe vya kunyumbulika. Vigumu vinalegeza skrubu, kiungo kinapata moto.

Geji ya volti itakudanganya. LFP inakaa 3.2V hadi 3.3V karibu safari nzima, halafu inaporomoka ghafla. Soma asilimia kwenye BMS, na ujaze kabisa walau mara moja kwa wiki ili hesabu yake ijirekebishe.

waya_mwekundu
Sanduku ni dogo. NMC 811 haifai?

kathodi_safi
Inapunguza, haiondoi: kobalti ni kama 6% ya uzito wa kathodi (upande chanya wa seli), kwenye 622 ni 12%. Halafu nikeli ikizidi, kathodi inaachia oksijeni kwenye joto dogo zaidi, jambo baya chini ya kiti. Pima sanduku kwanza. Seli za LFP za 2.9kWh zina kilo 20 hivi, NMC 13.

fundi_seli
Na hizo kuukuu usizitupe, zina zaidi ya nusu kilo ya kobalti. Funika ncha zote kwa tepu kabla ya kumpelekea mchakataji.