Ngozi ya mtoto inapasuka wakati wa baridi, nimsugue?

Mama Katuba: Habari za humu. Niko Lubumbashi, mwanangu ana miaka miwili. Tangu baridi ya mwezi wa sita iingie na vumbi lake, ngozi ya nyuma ya magoti na viwikoni imekuwa ngumu, inapasuka, anajikuna mpaka damu. Mamamkwe anasema ni uchafu, nimsugue kwa sabuni ya kufulia na kitambaa kigumu. Mtoto analia sana. Naomba ushauri.

Yaya Ruashi: Pole, mama. Acha kusugua leo hii! Hicho kitambaa kinaondoa kinga yenyewe. Tabaka la juu kabisa ni seli zilizokufa, zimejaa keratini, protini ileile ya kucha na nywele, na kati yake kuna mafuta. Ni jembamba kuliko karatasi, lakini ndilo linalozuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visipenye.

Nesi Kamalondo: Kuna na filagrini. Protini hii hukusanya nyuzi za keratini zishikane, seli ikalala bapa. Baadaye huvunjwavunjwa, na mabaki yake ndiyo yanayoshika unyevu na kuipa ngozi asidi kidogo. Mwaka 2006 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba baadhi ya wenye ukurutu, ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha na kupasuka kama hii ya mwanao, wamerithi jeni yake ikiwa na hitilafu. Si wote, lakini ukurutu na pumu hupenda kufuatana katika ukoo. Sabuni ya kufulia ina alkali, inaiua asidi hiyo. Mwogeshe haraka kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, mkaushe kwa kugusagusa tu, na ngozi ikiwa bado mbichimbichi mpake vaselini. Mchana rudia.

Kijana wa Kenya: Mimi nilinunua tyubu ya krimu sokoni, siku mbili mwasho kwisha.

Nesi Kamalondo: Hapana, ndugu yangu. Nyingi zina betametazoni au klobetasoli, yaani steroidi kali za kutuliza mwasho. Daktari naye huandika dawa za jamii hiyo, ila kwa mtoto huchagua isiyo kali, kwa muda mfupi. Ukipaka kiholela, kolajeni, protini inayoipa ngozi nguvu kwa chini, inapungua, ngozi inakuwa nyembamba, inachubuka upesi.

Mama Katuba: Asanteni. Kumbe baba yake ana pumu tangu utotoni! Sasa mamamkwe nitamwambiaje bila kumvunjia heshima?

Yaya Ruashi: Mpe yeye kazi ya kumpaka vaselini baada ya kuoga, nkambo hakatai kumshika mjukuu. Na mkiona majimaji ya njano au vigaga vya rangi ya asali, msingoje, kimbieni kituo cha afya. Hapo bakteria wameshaingia.