Nyumba za wakoloni zilizogeuzwa makumbusho, Lamu na Malindi: mlioingia tupeane uzoefu

Mwana Mkomani
Asalaam alaykum wanajamvi. Naanza na ya kwetu. Makumbusho ya Lamu pale ukingoni mwa bahari ni nyumba ya mwishoni mwa karne ya 19, na maofisa wa Kiingereza walikaa humo hadi uhuru wa 1963. Makumbusho yakafunguliwa 1971. Wageni watoka mbali kuja kuitazama, na sisi wenyeji twapita mlangoni na punda wetu kana kwamba haituhusu. Hilo laniuma. Siwa ya Pate imo mle: pembe ya ndovu iliyochongwa, ndefu kumpita mtu mzima, iliyokuwa ikipulizwa kwenye sherehe za wakubwa. Wako watoto wa Lamu wanaomaliza shule hawajaiona. Aliyeingia aeleze, kilichomgusa ni kipi?

Binti Langoni
Wa alaykum salaam. Mimi niliingia na mama. Babu mzaa mama alikuwa tarishi wa Bwana DC, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza, miaka ya 1950, kwa hiyo nyumba ile tumeisikia tangu tungali wadogo. Mama alipanda ngazi polepole, akatazama huku na huku, akamwambia mtembezaji: "Baba alikuwa akisimama hapa na barua mkononi, akingoja aitwe." Yule kijana aliacha maelezo yake, akamtafutia mama kiti, akamwomba amsimulie. Tulikaa mpaka adhana ya adhuhuri.

Mama alieleza sare ya kaki aliyoipiga bibi pasi ya makaa usiku, na vifungo vya shaba vilivyosuguliwa kwa ndimu na majivu hadi ving'are, maana tarishi asiye nadhifu alirudishwa nyumbani. Alieleza pia jambo ambalo vijana wengi hatukufundishwa. Pwani yetu haikuwa koloni kama bara. Kwa mkataba wa 1895 Waingereza waliutawala ukanda huu huku ukibaki ni milki ya Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ilipepea hapa hadi 1963. Ndiyo maana babu alikuwa na safari mbili kila siku, kwa DC na kwa Liwali, mwakilishi wa Sultani. Amri zilitoka kwa Mzungu, lakini mwenye shauri lake alianzia barazani kwa Liwali au kwa Kadhi.

Mwenye mzee nyumbani ampeleke angali na nguvu za kupanda ngazi. Yule mtembezaji aliandika kila neno la mama.

Fundi Chokaa
Binti Langoni, Mungu amrehemu babu. Mimi niongeze la ujenzi, kwa sababu watu hutazama vya kabatini wakaisahau nyumba yenyewe. Nyumba zetu za mawe za zamani huupa mtaa mgongo. Unaingia dakani, kile kibaraza cha mlangoni, unakata kona, unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani, kisha vyumba vyafuatana kwenda ndani hadi kwenye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Ni virefu na vyembamba, maana upana wa chumba hupimwa na urefu wa boriti la mkoko. Sasa simama mbele ya nyumba ya DC: imeelekea bahari, ina varanda, jahazi likitia nanga laonekana na wenyewe waonekana. Ukitoka hapo ingia mitaani uitazame Nyumba ya Kiswahili, nayo ni makumbusho. Zione zote mbili asubuhi moja.

Na tafadhali msikwaruze kuta. Chokaa ile ni ya matumbawe yaliyochomwa, na ukuta wake wapumua. Anayeziba ufa kwa saruji huufungia unyevu ndani, halafu lipu hubanduka vipande vipande. Nimezikuta nyumba nyingi zimeharibiwa hivyo na watu wenye nia njema.

Shela ya Malindi
Kwetu ni Nyumba ya Nguzo, nayo ni ya karne ya 19, na iliwahi kuwa hospitali. Wageni wengi hukimbilia nguzo ya Vasco da Gama, yule aliyefika hapa 1498, wakapiga picha wakaondoka. Nyumba ya Nguzo waipita. Mimi hupenda kukaa pale barazani tu, chini ya zile nguzo nene.

Mwalimu wa Pate
Mimi nilipeleka wanafunzi Posta ya Wajerumani, iliyo kwenye barabara kuu ya mji wa Lamu, Usita wa Mui. Ilifunguliwa 1888. Ndugu wawili Denhardt walikuwa wamepata ardhi kwa Sultani Ahmed wa Witu, kule bara ng'ambo ya Lamu, mwaka 1885, na Lamu ndiyo bandari iliyokuwa karibu. Baada ya mkataba wa 1890 Wajerumani waliiachia Uingereza Witu, na posta ikafungwa 1891. Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, watu wa Witu waliulizwa?" Kipindi kizima kilichofuata tulilijadili swali hilo.

Mgeni wa Tanga
Shukrani wapendwa. Nakuja na baba, anatembea kwa mkongojo. Ataweza?

Mwana Mkomani
Karibuni sana. Nyumba ya DC iko karibu na gati, haina mwendo mrefu. Ngazi zipo, hivyo aanze na vyumba vya chini. Njooni asubuhi kabla ya jua kali, na mlangoni mwambieni mtembezaji mapema kwamba mna mzee, awaendee taratibu. Usita wa Mui una punda na mikokoteni, baba apite upande wa ukutani.