Ratiba ya mazoezi ya familia: mama ana 68, mtoto ana 9, nimekwama wakuu

Baba Wawili wa Nkuhungu:
Wakuu habari za muda huu. Nipo Dodoma, nina miaka 43, kazi yangu ni kukaa kwenye kiti asubuhi mpaka jioni na kitambi sasa kinafika mlangoni kabla yangu. Mwezi uliopita nikatangaza nyumba nzima tunaamka saa 11 na nusu alfajiri kukimbia. Tulikwenda siku nne tu. Mama (68, ana presha, anatumia dawa) goti likavimba, dogo wa 9 anachomoka kama mbuzi halafu anakaa chini anagoma, binti wa 15 anasema anaona aibu kukimbia na baba yake barabarani, na mimi kisigino kinauma mpaka leo kila nikishuka kitandani. Nataka ratiba moja tuifuate wote, naombeni ushauri.

Mzee wa Mlenda:
Umemkimbiza bi mkubwa alfajiri ya mwezi wa saba na ule upepo wetu?? Una roho ngumu mkuu 😂😂

Fizio Makole:
Mkuu kosa lako ni hiyo "ratiba moja". Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba, nawaona kama nyie kila wiki.

Dogo na binti wanatakiwa wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku 3 ziwe na vitu vya kuhema sana na vya kukaza misuli na mifupa, ila si lazima iwe mfululizo wala si lazima iwe kukimbia. Wewe ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kutembea haraka, yaani unaweza kuongea ila kuimba huwezi, plus siku 2 za nguvu, squat na push up zinatosha kabisa. Hayo ni ya mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa 2020, sijayatunga. Lakini hizo 150 hazianzi wiki ya kwanza!! Anza na dakika 10 au 15, ongeza taratibu, na hicho kisigino tafuta raba yenye soli, acha ndala, nyoosha misuli ya nyuma ya mguu kila asubuhi.

Mama ndo muhimu zaidi. Umri wake dakika ni zile zile kadiri anavyoweza, ila anaongezewa mazoezi ya balansi siku 3 kwa wiki maana akianguka akavunja nyonga ni habari nyingine. Asimame na kukaa kwenye kiti mara 10 bila kushika, asimame mguu mmoja huku ameshika ukuta. Asibane pumzi. Goti likiwa bado limevimba aonwe kliniki kwanza, na hiyo presha ipimwe. Akisikia kizunguzungu au kifua kinabana anaacha hapo hapo. Kabla hujamleta mjini alikuwa anafanya nini?

Mama Ntwara:
Dogo mpe kamba na rede na wenzake jioni kuanzia saa 11 jua likishalegea, hutomuona ndani mpaka umwite. Binti muache achague mwenyewe, wangu anacheza netiboli shule, nyumbani anajifungia chumbani anadansi na simu jasho linamtoka, nami sisemi kitu hata kama simu ni yangu na bando ni langu.

Baba Wawili wa Nkuhungu:
@Fizio Makole dah umenigusa. Alikuwa Kongwa analima mwenyewe, maji anafuata mwenyewe. Hapa nimemkataza kila kitu, nikaona nampumzisha, anashinda kwenye kochi na tamthilia za Kituruki. Sasa hivi hata kuinuka anashika meza.

Fizio Makole:
Ndo hapo sasa. Ulimtoa kwenye mazoezi ya miaka 50 ukamweka kwenye kochi halafu ghafla ukamkimbiza. Una kauwanja hapo kwako?

Baba Wawili wa Nkuhungu:
Kapo nyuma, kamejaa mawe tu. Nimemuuliza sasa hivi hapa, anasema kumbe ameshapima kwa macho siku nyingi, matuta matatu ya mchicha yanaingia, tatizo jembe langu zito anataka la mpini mwepesi. Kesho napita soko la Sabasaba.

Mzee wa Mlenda:
Mbegu za mlenda usisahau mkuu