Mkazi wa Mwanza apunguziwe ushuru wa maegesho mjini kati? Karibuni tujadili

Mwana Nyamagana
Wadau, habari za mchana. Naleta hoja, naomba tuijadili bila matusi. Miami Beach kule Marekani, mkazi akipaki kwenye maegesho ya mji analipa kidogo kuliko mgeni. London nako wakazi wa katikati walipewa punguzo la asilimia 90 kwenye paking. Sisi hapa mtu anaishi Mabatini, anabanwa na kila tozo ya Jiji, lakini akisimamisha gari Rwagasore dakika chache anatozwa sawasawa na mwenye V8 aliyeingia jana kutoka Dar. Kwa nini mkazi asisajili namba ya gari lake akawa analipa nusu? Mashine wanazotembea nazo wakusanyaji ni za kielektroniki, wakiingiza namba tu inajulikana huyu ni wa hapa. Na kwa mji huu wa mawe na vilima, iko siku tutajenga maegesho ya ghorofa kama majiji ya wenzetu. Punguzo la mkazi liandikwe kabla ya kumwaga zege.

Sato Mbichi
Mleta mada, una gari?

Mwana Nyamagana
Ninalo. Na wewe una hoja?

Sato Mbichi
Niliuliza tu mkuu, usipaniki.

Dada wa Lumumba
Mimi nafanya biashara mjini kati miaka mingi, niseme ninachokiona. Mgeni kutoka Dar hajazi maegesho ya Mwanza. Tunayajaza sisi wenye maduka. Mtu anafika saa mbili asubuhi, anaegesha mlangoni kwake, gari linakaa hapo mpaka anapofunga jioni. Mfanyakazi wake naye anaweka pikipiki pembeni. Mteja anakuja saa nne, anazunguka Lumumba, anaingia Uhuru, anarudi, hakuna nafasi, anaondoka zake na hela yake. Ushuru wa kila saa kazi yake ni kumfanya mtu amalize shida zake aondoke, mwingine apate kusimama. Sasa mkinipunguzia nusu kwa kuwa mimi ni mkazi, mmenifukuza au mmeniambia nikae mpaka usiku? Punguzo lenu litaliwa na sisi tunaoziba njia.

Halafu mkazi ni nani? Kirumba, Pasiansi, Kitangiri zote ziko Ilemela. Hao nao ni wageni?

Mwana Nyamagana
Ilemela wana manispaa yao, wana mkurugenzi wao, wana mapato yao. Wapaki kwao Buswelu huko porini. Mada inahusu Jiji.

Ng'wana Kirumba
PORINI?

Hebu subiri nikae vizuri.

Ukitoka na ndege unatua wapi, Mabatini? Uwanja wa ndege uko Ilemela. Ukitaka kumpeleka mchumba akapigwe na kiyoyozi unaenda Rock City Mall, iko Ilemela. Samaki unaopeleka kwenu kijijini Krismasi unanunua Mwaloni, Kirumba, Ilemela. Nyinyi Jiji mna nini zaidi ya foleni na jiwe la Bismarck la kupigia picha?

Mtu wa Bwiru
😂😂 Ng'wana Kirumba umeua. Umesahau na mpira. Pamba JIJI, jina lenyewe Jiji, imepanda Ligi Kuu 2024, uwanja wake wa nyumbani CCM Kirumba. Timu ya Jiji inakuja kuomba hifadhi porini.

Mwana Nyamagana
Hospitali ya Bugando iko wapi? Bandari ya meli iko wapi? Stesheni ya reli? Soko Kuu? Hamjengi mji kwa mall moja. Ilemela ilikuwa sehemu ya Jiji, mkaomba kumegwa juzi tu hapa 2015, leo mnataka punguzo la kwetu.

Ng'wana Kirumba
2012 mkuu. Hata tarehe ya talaka huikumbuki. Na hatukuomba sisi, hiyo ilikuwa mipango ya juu huko. Mimi nimelala Kirumba nimeamka Kirumba, asubuhi naambiwa si wa Jiji tena.

Mhasibu Mstaafu
Wanangu, shida ya vijana wa siku hizi ni kusoma kichwa cha habari mkaishia hapo. Ile ya London si ya maegesho. Ni tozo ya kuingiza gari katikati ya mji siku za kazi, ilianza Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku. Punguzo la asilimia 90 walipewa waliokuwa wanaishi ndani ya eneo lenyewe la tozo, si kila mkazi wa London. Sababu yake inaeleweka: mtu yule nyumba yake iko ndani ya mstari, akiwasha gari tu kwenda popote ameshadaiwa. Sasa wewe wa Mabatini nani kakuzungushia mstari? Ukitaka kufuata London, punguzo wapewe wachache wanaolala kule juu ya maduka ya Posta na Makoroboi, na wengi wao hawana gari.

Sato Mbichi
Shikamoo mzee. Somo limeingia.

Mwana Nyamagana
Shikamoo mzee wangu. Ila naomba usiniite kijana, nina wajukuu wawili. Na sijaishia kichwa cha habari, nimesoma mpaka chini.

Mhasibu Mstaafu
Marahaba. Wajukuu wawili wakati paking na tozo ya barabara zinakuchanganya? Basi wakusomee wao.

Mvukaji wa Kamanga
Naona mnagawana mji kana kwamba sisi wengine hatupo. Sisi wa Sengerema tunavuka Kamanga kila wiki, mchele mnaokula mnadhani unashuka na mvua? Sasa kuna daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu na ushee, limefunguliwa Juni 2025, magari ya Sengerema na Geita yanaingia kwenu bila kungoja kivuko. Wenye maduka wanafurahi. Halafu tukishafika tuambiwe mgeni analipa mara mbili? Tutanunua Geita, na nyie mbaki na maegesho yenu matupu.

Dada wa Lumumba
Mvukaji umesema la maana. Wateja wangu wa jumla nusu yao ni watu wa ng'ambo.

Mtu wa Bwiru
Dada wa Lumumba, samahani, si wewe mwenye lile duka lenye ndoo mbili na tairi mbele ili mtu asipaki? Au nakufananisha?

Dada wa Lumumba
Ndoo ile ni ya kudekia, inaanikwa. Tairi sijui la nani, nimelikuta.

Mtu wa Bwiru
Ndoo ya kudekia imeanikwa katikati ya mistari ya maegesho? Umenifukuza mimi hapo mwaka jana, ukasema "bosi anakuja". Leo unatufundisha kuachia nafasi.

Dada wa Lumumba
Kama ulifukuzwa basi ulikuwa huna cha kununua. Watu wa Bwiru mnakuja kupiga stori, mnaegemea kaunta, mnaomba maji ya kunywa. Na nilishasema tangu mwanzo kwamba tunaoziba ni sisi, au macho yako yanasoma ndoo tu?

Ng'wana Kirumba
Ndoo ndiyo mada sasa 🤣

Mjomba wa Igoma
Jamani mimi naunga mkono mleta mada. Kutofautisha bei si dhambi. Pale Saanane, Mtanzania haingii kwa bei ya mzungu. Mwanafunzi kwenye daladala halipi nauli ya mtu mzima. Mwenyeji kupata nafuu kwake ni haki, mbona kwenye hifadhi hatulalamiki?

Mhasibu Mstaafu
Mjomba, Saanane ni hifadhi ya taifa, imepandishwa hadhi 2013, na kipimo pale ni uraia. Msukuma wa Magu na Mhaya wa Bukoba wote wanaingia kwa bei moja. Mleta mada anataka kumtoza Mtanzania mwenzake zaidi kwa sababu amelala upande wa pili wa mpaka. Hiyo hata Saanane hawajaifanya.

Mjomba wa Igoma
Mzee unaleta uwakili. Mimi nalipa kodi ya jengo hapa.

Mhasibu Mstaafu
Kodi ya jengo unalipia jengo, Mjomba. Gari ulilipie maegesho. Au utaegesha nyumba?

Muuguzi Mchovu
Niingie kidogo kabla zamu haijaanza. Mnaposema "mgeni" mnawaza mtalii mwenye kofia. Njooni milango ya Bugando asubuhi. Magari ya Kagera, Mara, Simiyu, Geita, Shinyanga, Kigoma. Mtu kaleta mama yake na rufaa, kalala ndani ya gari, hajui hata benki iko mtaa gani. Akishuka mjini kununua dawa ndiye atakayelipa bei kamili ili mwenye duka apate nusu. Sina zaidi.

Mpiga Debe Nyegezi
Hapo nimekuelewa dada muuguzi. Mimi sina gari wala sitarajii, natoka Buhongwa nimesimama kwenye daladala, kwapa la jirani puani mpaka mjini. Naona mnalia kuhusu punguzo la gari. Kwanini isiwe kinyume, paking ipande, hela itengeneze stendi na vituo vyetu?

Mjomba wa Igoma
Wivu huo. Nunua gari.

Mpiga Debe Nyegezi
Nikinunua nitapaki wapi Mjomba, kwenye ndoo ya Dada?

Dada wa Lumumba
Hii ndoo mtaizika lini?

Fundi wa Mkuyuni
Kuna kitu hamjakigusa. Mleta mada kasema mkazi asajili namba ya gari. Kadi ya gari imeandikwa nani? Mimi hapa gereji magari kumi yakiingia, mengi kadi ina jina la mtu wa Dar aliyeliuza zamani, hajabadilishiwa jina kwa sababu ya gharama. Kwa mfumo wako hayo yote ni ya wageni. Na aliyehamia Dodoma akaacha gari lenye jina lake la Mwanza, huyo ndiye atakuwa mkazi. Halafu kuna madeni. Deni la maegesho linakaa kwenye namba ya gari, si kwa dereva. Watu wananunua gari, wakiangalia wanakuta deni la miaka la mtu wasiyemjua. Ukiongeza na punguzo hapo juu yake, ugomvi utaanzia kwenye kuuziana magari.

Mtu wa Bwiru
Itabidi barua ya mwenyekiti wa mtaa. Na barua ya mwenyekiti tunajua inavyopatikana. Soda moja, wewe ni mkazi wa Mabatini tangu ukoloni.

Ng'wana Kirumba
Mimi nitachukua ya Mabatini na ya Mirongo, zote. Wageni wa porini tunajua njia.

Mwana Nyamagana
Wenyeviti wetu si wa kununuliwa kwa soda. Labda huko kwenu.

Mtu wa Bwiru
Sawa, kwa soda mbili.

Mjomba wa Igoma
Turudi kwenye mada wadau. Je, maegesho ya ghorofa tunayataka au hatuyataki?

Mhasibu Mstaafu
Nani atajenga? Akijenga mtu binafsi ataweka bei yake, Jiji haliwezi kumpangia ampe nusu bei mpangaji wa Mabatini bila kumfidia. Likijenga Jiji lenyewe, kila nusu mnayomsamehe mwenye gari inatoka kwenye mfuko ule ule wa zahanati na madarasa. Na barabara za mitaa zenyewe zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu iundwe 2017, siyo Jiji. Mleta mada hoja yake angeipeleka mlango gani?

Mwana Nyamagana
Mzee nakuheshimu lakini kila kitu unapinga tu. Watu kama nyinyi ndio mlikuwa maofisini miaka yote, mbona hamkujenga hata ghorofa moja la kupaki?

Mhasibu Mstaafu
Mimi nilikuwa mhasibu wa shirika la samaki, mwanangu. Nilihesabu sangara.

Sato Mbichi
Heshima kwa mzee 😂

Ng'wana Kirumba
Jumamosi kuna mechi. Wa Jiji mkija Kirumba, karibuni, kuna vijana wangu wanalinda magari. Wakazi buku, wa Jiji buku mbili, mje na barua ya mwenyekiti.

Mwana Nyamagana
Ndiyo maana nasema hamjastaarabika. Ushuru wa mtaani huo, nani amewaruhusu?

Ng'wana Kirumba
Si ndiyo sera yako mkuu? Mkazi nusu, mgeni nzima. Nimeianza kabla yako.

Mvukaji wa Kamanga
Na sisi wa ng'ambo je?

Ng'wana Kirumba
Wa ng'ambo bure, mnaleta mchele.

Fundi wa Mkuyuni
Mleta mada, bado nasubiri. Kadi ya gari lako ina jina la nani?

Mwana Nyamagana
Hayo ni mambo binafsi. Na huyo dada wa Lumumba ajibu kwanza kuhusu tairi.

Dada wa Lumumba
Mimi nimemaliza, nina wateja. Wamekuja kwa miguu.

Fundi wa Mkuyuni
Jina tu mkuu.

Sato Mbichi
Namba inaanza na T ngapi? Tuanzie hapo taratibu.