Mrejesho: baridi ya Newmarket na farasi walionyolewa

Mwezi Novemba niliuliza mambo mawili: saisi (mtunza farasi) kama mimi, aliyezoea Ngong, Nairobi, atahimili vipi baridi ya Newmarket, mji wa farasi wa mbio huku Uingereza, na kwa nini farasi wa mbio wananyolewa manyoya wakati baridi ndiyo kwanza inaingia. Mlionijibu, ahsanteni sana. (Na wewe uliyeniambia nirudi nyumbani, bado nipo.)

Suala la kunyoa nimelielewa kwa mikono yangu. Farasi akipandishwa mbio kile kilima cha Warren Hill anatoka jasho jingi. Akiwa na manyoya marefu hakauki upesi, na baridi inamwingia akiwa amelowa. Kwa hiyo ananyolewa, halafu akirudi bandani anavishwa blanketi, siku nyingine mawili.

Kilichonitesa hasa ni maji. Tunaanza kazi kabla hakujapambazuka, unakuta ndoo imeganda juu, navunja barafu kwa kisigino cha buti. Mzee mmoja wa hapa akanifundisha kuchanganya na maji ya moto kidogo, maana farasi akikuta maji ya baridi kali hunywa machache, chakula kinakauka tumboni, msokoto unamshika. Tangu hapo ndoo nazikuta tupu.

Kwangu mimi: soksi mbili za sufu, si tatu. Tatu zinabana, vidole vinakufa ganzi.

Tarehe 1 Januari farasi wote wa mbio huku walihesabiwa mwaka mmoja zaidi kwa mpigo, ndiyo kanuni. Nikampa wangu karoti. Alitaka na mfuko.