Umeachiwa mtoto wa watu, usiku wa kwanza: tupeane uzoefu

Kijana wa Segerea
Wakuu, habari za usiku. Dada kapelekwa leba jioni hii, shemeji kamfuata, mimi nimeachiwa mtoto wao wa mwaka na miezi minane. Sina mke, sina mtoto, nina chumba kimoja na godoro la tano kwa sita. Nimekabidhiwa begi, pampasi sita, chupa ya uji na maneno mawili: "Hasumbui huyu." Saa hizi saa nne na robo. Ana dakika arobaini kasimama mlangoni kashika kitasa, analia mpaka sauti inakauka. Mliopitia haya, usiku wa kwanza mlifanyaje?

Mama Pacha
"Hasumbui huyu" hahahaaa. Hivi hii sentensi wazazi wanafundishwa kliniki? Mimi niliambiwa hivyo hivyo 2016, mtoto wa wifi. Na kweli hakusumbua, mpaka saa saba usiku uniti za umeme za LUKU zilipoisha na feni ikazima. Mita iko nje kibarazani. Nimembeba kiunoni, simu ina asilimia nne, naingiza zile namba ishirini, na yeye anabonyeza na mimi. Nikifika ya kumi na saba, kidole chake hicho. Tumerudia mara sita. Nilikaa chini kibarazani nikalia, ndipo yeye akanyamaza kunitazama.

Mpita Njia
Umenikumbusha mbali sana.

Kocha Mchezaji
Dogo usihangaike. Kijiko kimoja cha dawa ya mafua, ile ya maji. Analala mpaka asubuhi. Utanishukuru kesho.

Nesi wa Zamu
Mleta mada USITHUBUTU. Dawa ya mafua si ya kulazia mtoto, kwa hawa wadogo inaweza kuathiri hata upumuaji. Na huyo hana mafua, hana mama. Mtoe mlangoni, mfunge mgongoni, zungukeni humo humo chumbani. Mguse tumbo na shingo, kama anachemka mpeleke kituo cha afya usiku huu huu. Na wewe Kocha, umleweshe mtoto wa watu ili uangalie mpira?

Kocha Mchezaji
Bi mkubwa punguza jazba. Wangu watatu wamekua hivyo, mmoja yuko chuo.

Nesi wa Zamu
Hata mimi nilikuwa navuka Barabara ya Mandela peke yangu nina miaka sita. Sijamshauri mtu amtume mwanawe.

Jirani Mwema
Asimbebe, atazoea mgongo. Mwache alie, akichoka atalala mwenyewe.

Mama Pacha
Azoee mgongo kwa usiku mmoja? Jirani, wewe una watoto au una maoni?

Binti wa Ughaibuni
Mimi yangu ilikuwa Muscat, wiki yangu ya kwanza kazini. Bosi na mkewe wamesafiri, nimebaki na mtoto wa miaka miwili na bibi yake aliyelala chumba cha mwisho. Saa nane usiku mtoto kaamka, "mai, mai." Mimi Kiarabu sijui hata salamu ya pili. Nikampa mkate, akautupa. Nikampa mdoli, akautupa. Baadaye nikajisemea, hii mai mbona kama maji? Nikampa, akanywa kikombe kizima. Asubuhi bibi kanisikia namsimulia rafiki yangu kwenye simu, akacheka, akaanza kuniongelesha Kiswahili kizuri kuliko changu. Kumbe kazaliwa Unguja! Usiku wote mkalimani alikuwa chumba cha mwisho.

Mzee wa Pugu Road
Sikutaka kuchangia, ila hiki kitasa cha mlango kimenirudisha mahali.

Tarehe 16 Februari 2011. Nilikuwa na miaka 23, nimepanga Ulongoni, Gongo la Mboto. Mpangaji mwenzangu alikuwa anaingia zamu ya usiku kiwandani, msichana wake wa kazi kaondoka bila kuaga, akaniomba nimshikie mwanawe wa miaka miwili usiku mmoja tu. Sijawahi kubeba mtoto hata wa kuchezea. Nikampikia wali, akala vijiko vitatu, akaenda kusimama mlangoni kama huyo wako.

Ilikuwa kama saa mbili na nusu. Kikapiga kishindo cha kwanza, vioo vya dirisha vikamwagika juu ya kitanda, pale pale ambapo angekuwa amelala kama angekubali kulala. Angani kwekundu. Mtaa mzima unakimbia, hakuna anayejua wanakokimbilia. Mbeleko sikuiona, nikavuta shuka nikamfunga nalo mgongoni vibaya vibaya, nikaingia kwenye msafara. Simu hazishiki. Huku nyuma mabomu ya ghala la jeshi yanaendelea kulipuka, vyuma vinapita juu vinapiga mluzi.

Yule mtoto hakulia. Alinishika sikio la kulia, hakuliachia kuanzia Ulongoni mpaka Tazara. Nikisimama kupumua, analivuta. Kiatu cha kushoto kilidondoka sehemu za Ukonga, nilikisikia kikidondoka, sikugeuka. Tazara tukakaa mbele ya kituo cha mafuta na watu wengine mpaka kukakucha. Mama mmoja muuza vitafunwa akampa andazi, akalishika kwa mkono mmoja, ule mwingine bado uko sikioni kwangu.

Asubuhi nikasikia waliokimbia wanakusanyika Uwanja wa Uhuru, nikaenda. Watoto waliopotezana na wazazi wamejaa, kila mama anayeingia anageuza sura za watoto wa wenzake. Mama yake alitupata mchana. Hakunisalimia. Alimshusha, akamvua nguo zote pale pale mbele za watu, akamkagua vidole vya mikono, vya miguu, mgongo. Ndipo akaniangalia, akaniuliza: "Alikula?"

Mpita Njia
Daah.

Kifaranga
Chai hii, tena ya rangi. Ulongoni mpaka Tazara kwa mguu na mtoto mgongoni? Halafu mabomu yalikuwa Mbagala, siyo Gongo la Mboto.

Mwana Ukonga
Kifaranga ulikuwa darasa la ngapi? Mbagala ni 29 Aprili 2009, ilikuwa asubuhi. Gongo la Mboto ni 2011 na ilikuwa usiku. Ni vitu viwili. Mimi usiku ule nimetembea na bibi yangu mwenye miguu mibovu mpaka Vingunguti. Bibi! Aliyekuwa analalamika kwenda dukani.

Mama Pacha
Sisi tulikimbilia Pugu, upande wa pili kabisa. Mume wangu alitoka na rimoti ya tivii mkononi. Hajui mpaka leo kwa nini.

Kifaranga
Nafuta kauli kuhusu Mbagala. Kuhusu Tazara bado nina mashaka.

Kijana wa Segerea
Wakuu poleni na mabomu, ila naomba turudi kwangu. Nimembeba, kaacha kulia. Sasa anasema "kuku." Kuku, kuku, anaonesha kidole kwenye begi. Begini hakuna kuku.

Kocha Mchezaji
Mtoto anajua chakula. Kuna chipsi kuku hapo barabarani mpaka saa sita.

Jirani Mwema
Anasema "huku." Anataka kwenda kwao.

Binti wa Ughaibuni
Mwaga begi lote chini. Usibishane naye, anajua anachosema.

Kijana wa Segerea
Nimepata. Chini kabisa, chini ya pampasi, kuna kanga ya dada, imefifia, pindoni ina majogoo. Nimemtandikia kitandani, kaikunja pindo, anajisugua nayo puani. Macho yanafumba. Sijui kama napaswa kupumua.

Nesi wa Zamu
Pumua. Mlaze upande wa ukutani. Uji wa kwenye chupa ukishachacha mwaga, usimpe asubuhi.

Jirani Mwema
Kesho ifue hiyo kanga, ina vijidudu.

Mzee wa Pugu Road
USIIFUE.

Mwana Ukonga
Mzee, na yule mtoto wa Ulongoni siku hizi yuko wapi?

Mzee wa Pugu Road
Yuko sekondari, kanipita urefu. Juzi kanipigia anaomba hela ya viatu. Nimemwambia mimi nadaiwa kimoja tu, cha kushoto.