Mjadala: Je, Napoleon alikosea kumwacha Marshali Davout mjini Paris mwaka 1815?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, kila vita ya Waterloo ya tarehe 18 Juni 1815, ambako Napoleon alishindwa na Wellington wa Uingereza na Blücher wa Prussia, inapojadiliwa, lawama karibu zote huangukia kichwani kwa Marshali Emmanuel de Grouchy, aliyetumwa na Napoleon kuwafuatilia Waprusi na ambaye adhuhuri ya siku hiyo, akiwa Walhain, alisikia mizinga ikinguruma upande wa magharibi na akalikataa shauri la Jenerali Gérard la kuuendea mlio huo. Naomba tuliweke kando swali hilo lililokwisha kuzeeka, tujiulize jingine: ingekuwaje lau Napoleon angekwenda Ubelgiji pamoja na Louis-Nicolas Davout, badala ya kumwacha Paris akiwa Waziri wa Vita na gavana wa mji? Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Naamini Davout angebadili matokeo ya kampeni ile fupi, na angeyabadili tarehe 16 Juni katika njia panda ya Quatre Bras, siku mbili kabla ya Waterloo.

Kwa asiyemfahamu vizuri, Auerstedt inatosha kumtambulisha. Tarehe 14 Oktoba 1806, wakati Napoleon akipigana Jena na kudhani kwamba amelikabili jeshi kuu la Prussia, jeshi hilo kwa kweli lilikuwa mbele ya Davout, aliyekuwa na askari wapatao 26,000 tu wa divisheni tatu za Gudin, Friant na Morand, dhidi ya adui aliyemzidi zaidi ya mara mbili. Marshali Bernadotte, mwenzake aliyekuwa karibu na kikosi kizima, hakumsaidia. Davout alikishika kijiji cha Hassenhausen, akaziingiza divisheni zake vitani moja baada ya nyingine kadiri zilivyowasili, akapoteza watu wapatao 7,000, na ilipofika alasiri Waprusi walikuwa wakirudi nyuma huku kamanda wao, Duke wa Brunswick, akiwa na jeraha lililokuja kumuua. Mwaka uliotangulia, divisheni ya Friant ilikuwa imetembea zaidi ya kilomita 100 kutoka Vienna kwa muda wa saa 48 hivi ili kuwahi Austerlitz. Kamanda wa namna hii, anayeamua akiwa peke yake na ambaye askari wake hufika walikotakiwa kwa wakati uliotakiwa, ndiye aliyekosekana Ubelgiji.

Sasa turudi Juni 1815, tutazame ubawa wa kushoto wa jeshi la Napoleon ulivyokuwa. Marshali Ney, aliyepewa kuuongoza, aliitwa dakika za mwisho, akalifikia jeshi alasiri ya tarehe 15 Juni bila maofisa wa kutosha wa unadhimu, akakabidhiwa papo hapo vikosi viwili vikuu, cha Reille na cha d'Erlon, ambavyo hakuwa ameviona hata siku moja katika maandalizi. Asubuhi ya tarehe 16, Quatre Bras ilikuwa inalindwa na divisheni ya Perponcher peke yake, Waholanzi na Wabelgiji pamoja na Wajerumani wa Nassau, watu wapatao 8,000. Ney alianza kushambulia kama saa nane mchana. Kuanzia hapo Wellington alikuwa akipokea askari wapya kila baada ya muda mfupi, na nafasi ikapotea. Kibaya zaidi, watu wapatao 20,000 wa d'Erlon walishinda siku nzima wakitembea baina ya Quatre Bras na Ligny, ambako Napoleon alikuwa akipigana na Waprusi siku hiyohiyo, wakiitwa huku na kurudishwa kule, bila kupigana popote.

Davout hangekuwa mgeni katika jeshi hilo, kwa kuwa yeye ndiye aliyelijenga upya tangu mwishoni mwa Machi, Napoleon aliporudi madarakani, akilitafutia farasi, bunduki na sare, na akipitia uteuzi wa maofisa. Lau Quatre Bras ingetekwa kabla ya adhuhuri, d'Erlon angeweza kuuangukia ubavu wa kulia wa Blücher huko Ligny, ambako Wafaransa wapatao 68,000 waliwashinda Waprusi wapatao 84,000 lakini hawakuwavunja. Jeshi la Prussia lililovunjwa Ligny lisingetokea Plancenoit, kijiji cha ubavuni mwa Wafaransa huko Waterloo, siku mbili baadaye.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hoja yako inamtazama Davout uwanjani na kuisahau Paris. Napoleon alikuwa na sababu nzito. Tarehe 31 Machi 1814 washirika, yaani mataifa yaliyoungana dhidi ya Napoleon, waliingia Paris siku moja tu baada ya mapigano, ilhali Joseph Bonaparte amekwisha kuondoka na Marmont amekubali kusalimisha mji. Mwaka 1815 hali ilikuwa mbaya zaidi: Fouché, Waziri wa Polisi, alikuwa akiwasiliana kwa siri na maadui, Mabaraza ya bunge yalikuwa na watu wasiompenda Kaisari, na Vendée, magharibi mwa Ufaransa, ilikuwa imeasi. Nani mwingine angeaminiwa kuushika mji? Davout alikuwa ameilinda Hamburg tangu 1813 hadi Mei 1814, wakati Napoleon mwenyewe amekwisha kujiuzulu, na miongoni mwa mamarshali alikuwa ndiye ambaye hakuwahi kula kiapo kwa Louis XVIII. Mtu wa aina hiyo huachwa nyumbani makusudi.

Pia hukututajia kwamba amri ya maandishi ya kusonga mbele ilimfikia Ney asubuhi ya tarehe 16 ikiwa imekwisha kwenda sana. Davout angeshambulia kwa amri ipi?

Mleta mada

Nakushukuru, na hoja ya Paris naiheshimu, kwa sababu ndiyo iliyomshawishi Napoleon mwenyewe. Hata hivyo, tuipime kwa yaliyotokea. Napoleon aliporudi ameshindwa, tarehe 21 Juni, Davout alikuwa palepale alipowekwa na alishauri Mabaraza yaahirishwe mara moja. Siku hiyohiyo mbunge Lafayette akayafanya Mabaraza yajitangaze kuwa katika kikao cha kudumu, na kesho yake Kaisari akajiuzulu. Tarehe 3 Julai, chini ya uongozi wa Davout huyohuyo, mkataba wa kusalimisha Paris ulitiwa saini Saint-Cloud. Mlinzi bora kuliko wote alikuwepo, na mji haukuokoka hata wiki tatu. Usalama wa Paris ulitegemea ushindi mpakani, na Napoleon alilijua hilo kuliko yeyote, kwa kuwa utawala wake wote ulisimama juu ya ushindi. Kumweka kamanda wake hodari zaidi mbali na mahali ambapo kila kitu kingeamuliwa lilikuwa kosa zito, na sioni namna ya kulipunguza uzito.

Kuhusu amri, ni kweli ilichelewa, na lawama za unadhimu namwachia Marshali Soult, aliyekuwa Mnadhimu Mkuu kwa mara ya kwanza katika jeshi linaloongozwa na Napoleon mwenyewe, badala ya Berthier, mnadhimu wake wa zamani, aliyefariki Bamberg tarehe 1 Juni. Lakini kamanda wa ubawa hasubiri amri ili kukusanya watu wake. Usiku wa kuamkia Auerstedt, Davout alikuwa ameshahakikisha kwamba daraja la Kösen limo mikononi mwake. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Juni, sehemu kubwa ya kikosi cha d'Erlon ilikuwa bado imetawanyika nyuma sana barabarani. Hata kama amri ingefika saa tano asubuhi, kamanda aliyekwisha kuwasogeza watu wake usiku angeshambulia saa sita, na Perponcher hangepata msaada wa kutosha.

Mchangiaji wa pili

Mimi nakubaliana na mleta mada kuhusu Davout, ila simfuati Quatre Bras. Ubawa wa kulia ulimhitaji zaidi. Tarehe 17 Juni Grouchy alipewa watu wapatao 33,000, wakiwamo Vandamme na Gérard, majenerali wawili walioona uchungu kuamriwa na mtu aliyepewa umarshali Aprili mwaka huohuo. Vandamme alikwisha kutumika chini ya Davout kaskazini mwa Ujerumani mwaka 1813, na mbele yake asingethubutu kubishana. Alfajiri ya tarehe 18, kwa kuvuka mto Dyle kwenye madaraja ya Moustier na Ottignies, Davout angejiweka kati ya Wavre, walikokuwa Waprusi, na Plancenoit na kumsumbua Jenerali Bülow wa Prussia ubavuni njia nzima. Kufikia adhuhuri, kule Walhain, kweli muda ulikuwa umekwisha, kwa sababu njia zilikuwa matope matupu baada ya mvua ya usiku.

Nina shaka moja. Borodino, mwaka 1812, Davout alipendekeza kuuzunguka ubavu wa kushoto wa Warusi, Napoleon akakataa, naye akatii akashambulia uso kwa uso. Akili yake ilikuwa na thamani pale tu aliporuhusiwa kuitumia.

Mleta mada

Shaka hiyo inaiimarisha hoja yangu. Borodino alikuwa mbele ya macho ya Kaisari. Auerstedt alikuwa mbali naye. Ubawa wa kushoto tarehe 16 Juni ulikuwa mbali vya kutosha ili Davout awe Davout. Wazo lako la Moustier ni zuri, lakini linamtaka awazuie kwa watu 33,000 Waprusi walioponea Ligny wakiwa bado jeshi kamili, kazi ambayo isingekuwapo kama Ligny yenyewe ingekamilishwa.

Kuna jambo ambalo bado halijaguswa, na ningependa wengine walichukue. Kwa mkataba wa tarehe 25 Machi 1815, Uingereza, Austria, Prussia na Urusi kila moja iliahidi askari 150,000, na majeshi ya Schwarzenberg wa Austria na Barclay de Tolly wa Urusi yalikuwa bado hayajafyatua risasi. Mimi nasema Davout angeishinda kampeni ya Ubelgiji. Sijasema angeishinda vita yote. Anayeamini kwamba Austria ingekubali mazungumzo baada ya Blücher kuvunjwa atueleze ni kwa masharti gani, akikumbuka kwamba Februari na Machi 1814, katika mazungumzo ya amani huko Châtillon, washirika walikuwa tayari kumwachia Napoleon kiti chake ndani ya mipaka ya zamani ya Ufaransa, naye hakuyakubali masharti hayo.